Usukani wa Kiti cha Tatu

Mikono miwili ilishika kadi moja kwa wakati mmoja, na hakuna uliotaka kuachia.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi katika soko la Manika, saa ambayo Kolwezi yote huonekana imetoka kununua kitu. Pikipiki za abiria zilipenya katikati ya watu zikipiga honi, akina mama wa unga wakawatukana madereva, na spika za wauza simu zikashindana kwa kelele. Juu ya meza ya Mama Adolphine, muuzaji wa vipande vya kompyuta kuukuu vinavyotoka Lubumbashi, kulikuwa na nyaya zilizosokotana, feni, kibodi zilizong'oka herufi, na kadi ile: nyembamba, ya kijani, yenye milango minne ya USB.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Guelord, kijana wa Musonoi, mrefu, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe. Mkono wa pili ulikuwa wa msichana asiyemjua. Jinzi yake ilikuwa imefifia magotini, blauzi yake ni ya kitenge cha manjano, nywele zimesukwa mistari myembamba, na kucha zake zilikuwa nyekundu, zikimeta kama rangi isiyokauka.

"Mama, achilia," alisema Guelord. "Mi njo nilifika wa kwanza."

"Mama ya nani? Nilikuzala lini?"

"Dada, basi. Achilia."

"Sina kaka wa kola ya namna ile."

Mama Adolphine alicheka hadi kilemba kikamlegea. "Batoto, mutanivunjia kitu! Kama munapendana, pendaneni. Kama munapigana, endeni kule kwa banauzisha samaki."

Msichana hakucheka. Alimtazama Guelord kutoka kola hadi viatu. "Unajua hata iko ya kazi gani?"

"Ya USB. Milango ine. Macho yangu inaona."

"Milango ine, chip ine." Aligonga kwa ukucha vipande vinne vyeusi vya kudhibiti milango, vilivyobandikwa juu ya kadi. "Kila mulango na contrôleur yake. Ulikuwa unajua ile?"

Guelord hakuwa anajua. "Nilikuwa najua," alisema.

"Uongo. Umeshaachilia mukono."

Na kweli alikuwa ameachia, bila kujua. Msichana alilipa, akaitia kadi mkobani. Mama Adolphine, ambaye hapendi mteja aondoke mikono mitupu, alichomoa nyingine chini ya meza. Nayo ilikuwa na milango minne, ila katikati yake kulikuwa na kipande kimoja tu cheusi.

"Ile usikamate," msichana alisema akiwa amekwisha kugeuka. "Iko na chip moja. Itakusumbua."

Kama asingesema neno, huenda Guelord angeiacha. Kwa kuwa alisema, aliinunua palepale. "Mulango ni mulango," akatangaza, ili soko lote lisikie.

"Siku utachoka, Mama Adolphine iko na namba yangu. Jina ni Ndaya."

"Nikuite weye? Afazali nirudi mu shimo!"

Mama Adolphine aliacha kucheka, kwa sababu alijua shimo gani. Guelord alikuwa amechimba kobalti katika mgodi wa Mashamba tangu ndevu hazijaota, akishuka kwa kamba na tochi kichwani, mpaka siku ukuta wa shimo ulipoanguka ukamfunika hadi kifuani, na wenzake wakamfukua kwa mikono. Alipotoka aliapa kwamba ardhi haitamwona tena ndani yake akiwa hai.

Ndipo alipofungua kituo chake Musonoi: chumba cha bati, kompyuta moja kubwa iliyotupwa na ofisi fulani ya mgodi, viti vinne, skrini nne, na mbele ya kila kiti usukani na pedali. Vijana walikuja pale kujifunza kuendesha yale malori ya mgodi yenye magurudumu marefu kuliko mtu, kwenye picha kwanza, kabla ya kwenda kufanya mtihani wa kweli. Sasa kampuni moja ilikuwa imesema itamtuma mkaguzi. Viti vinne vikienda pamoja bila kasoro, vijana wote wa kampuni watafundishwa kwa Guelord. Visipoenda, watafundishwa Mutoshi, kwa Stany, mpinzani wake mwenye kituo kama hicho, na chumba cha bati kitafungwa. Baada ya hapo Guelord alijua kazi moja tu nyingine duniani, na ilikuwa chini ya ardhi.

Kompyuta ilikuwa moja. Guelord, aliyejifundisha mwenyewe kwa simu na kwa ubishi, alikuwa ameigawa ndani kuwa mashine pepe nne, kila moja ikijiona ni kompyuta kamili. Skrini zilimtii. Sukani zikamgomea. Zote nne zilikuwa za aina moja, za jina moja, na kompyuta haikuweza kuzitofautisha.

"Chef!" Princesse alipiga kelele kutoka kiti cha tatu. Yeye alikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote na mwenye mdomo kuliko wote. "Huyu wa kiti ya kwanza amekata kuume, lori yangu mi imeanguka mu shimo!"

"Shikilia volant yako!" alijibu Guelord akimwonyesha usukani.

"Volant yangu inaendesha lori ya nani? Uliza kwanza!"

Guelord akachomeka kadi yake ya sokoni. Kompyuta ikaipa mashine ya kwanza kadi nzima, na milango yote minne ikaenda na kiti cha kwanza. Viti vitatu vikabaki na sukani zilizokufa. Alibadilisha nyaya. Alizima, akawasha. Aliitukana kadi, akamtukana aliyeiunda na Mama Adolphine aliyeiuza. Kadi ilikuwa na kidhibiti kimoja tu, na kidhibiti hakikatwi vipande kama mkate: ukimpa mmoja, umempa chote.

Aliitazama simu kwa muda mrefu kama mtu anayetazama dawa chungu. Mwishowe akaomba namba kwa Mama Adolphine, akapiga.

"Allô," ilijibu sauti. "Njo mutu wa kola?"

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nangoja. Umechelewa hata. Kiburi yako iko na crédit mingi kupita simu yako."

"Unakuya ao haukuye?"

"Sema s'il te plaît. Niombe muzuri."

"Unakuya?"

"Sema."

Princesse, aliyekuwa amesogeza sikio, alipiga kelele kwa nguvu zake zote: "S'il te plaît, yaya, dada yangu! Huyu hatasema, mi namusemea!"

Ndaya alishuka kwenye pikipiki jua likiwa utosini, vumbi jekundu limempaka hadi kwenye kope. Hakusalimu kompyuta wala mwenye kompyuta. Alifungua kifuniko, akachungulia, akaguna.

"Carte yangu nilikuwa naipeleka kwa Stany, ku Mutoshi," alisema, akitoa mkobani ile kadi yenye chip nne. "Nakuambia mapema, usiseme kesho nilikuficha. Mi natengeneza machine ya kila mutu. Lakini Stany ataleta viti vyake vipya mwezi ujao, weye mukaguzi wako anakuya sasa."

"Stany njo adui yangu."

"Adui yako ni kichwa yako. Shika tochi."

Alishika. Ndaya aliing'oa kadi ya Guelord, akachomeka yake katika nafasi ya juu, karibu na moyo wa kompyuta. Kisha akamwonyesha kwa kidole nafasi iliyo chini yake.

"Sikia muzuri. Hii ya juu iko peke yake. Ile ya chini inakaa nyumba moja na disque, fasi machine inaweka kila kitu. Ukitoa mutu moja mu nyumba ile, banatoka bote. Na kila contrôleur iko na adresse, namba ya fasi yake. Nitaandikia kila machine adresse yake. Carte ikihama fasi, adresse inabakia na kitu ingine."

"Mi si mutoto."

"Njo maana naongea polepole."

Alitoa mkobani kichupa cha rangi ya kucha, akapaka tone jekundu kando ya ile nafasi ya juu. "Siku utaitoa, utairudisha hapa."

Kisha akaandika mistari yake, mashine kwa mashine, ulimi umebanwa kati ya meno. Guelord alimtazama shingo, mistari ya nywele, na vumbi lililochorwa njia na jasho nyuma ya sikio, akakasirika kwamba anatazama. Mashine ya kwanza ikaamka na usukani wake. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Vijana wanne wakakaa, malori manne yakateremka mteremko wa picha, kila moja likimtii dereva wake. Princesse akashuka hadi chini, akapakia, akapanda, akapiga vigelegele vilivyoleta majirani mlangoni.

"Unaweza kusema merci," alisema Ndaya akijifuta mikono.

"Umekula?" aliuliza Guelord.

Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake, na Ndaya, kwa bahati mbaya yake, aliielewa. Walikula bukari, ugali wa kule, na sombe ya majani ya muhogo kwenye benchi ya jirani, wakigombana tangu tonge la kwanza hadi la mwisho: nani anajua zaidi, nani alishika kadi kwanza, nani anakula haraka kama mfungwa. Walipomaliza hakuna aliyeinuka.

Tangu siku hiyo simu zao hazikupoa. Ndaya alimwita Tata Kola, yaani Baba Kola. Guelord alimwita Mama Kucha. Alfajiri aliuliza kama mashine zimeamka, na Ndaya alijibu kwamba mashine ni kisingizio. Jioni Ndaya alipiga kulalamika kwamba hakupigiwa.

"Unanitafuta ao unatafuta technicienne wa machine?"

"Technicienne iko ghali. Nakutafuta weye."

"Mi niko ghali zaidi, chéri wa moyo. Uliza mahari kwetu."

Siku moja Guelord, aliyekuwa akitunga mashairi tangu enzi za shimo ili asisikie woga, alimtumia ujumbe:

*Ndaya wa kucha nyekundu, moyo wangu umeshika,*
*umeuchomeka kwako, mimi siwezi kutoka.*

Jibu lilirudi upesi. "Mashairi unajua. Sasa jifunze kuomba pardon. Tangu tujuane hujaniomba hata moja, na makosa yako inajaa lori."

Aliusoma ujumbe akicheka. Hakuomba.

Sasa, anayeishi Musonoi anajua vumbi lake. Linatoka kwenye mashimo, linapita chini ya mlango, linaingia kwenye chumvi, kwenye shuka, kwenye mapafu ya kompyuta. Kwa hiyo kabla ya mgeni mkubwa, kila mwenye mashine huifungua na kuipuliza kwa pampu ya fundi matairi. Mkaguzi alikuwa aje Jumamosi. Alhamisi asubuhi Guelord alibeba kompyuta hadi kwa fundi matairi, akachomoa kadi, akapuliza mpaka wingu jekundu likawafunika wapita njia na wakamtukana. Akarudisha kila kitu, akafunga kifuniko, akaibeba kurudi chumbani, akaiacha ipumzike bila kuiwasha.

Mchana Ndaya alipita kuchukua bisibisi zake. Guelord alikuwa nje akisuluhisha ugomvi wa jirani. Alipogeuka alimwona Ndaya anatoka ndani ya chumba na kupanda pikipiki. Aliyeshika usukani wa pikipiki alikuwa Stany, mnene, kofia pana kichwani, meno yote nje. Guelord alirudi kwenye ugomvi wa jirani kama hakuona. Usiku wivu ukalala naye.

Ijumaa akawasha. Kiti cha kwanza: usukani umekufa. Cha pili: umekufa. Alipowasha mashine ya tatu, skrini zote ziliganda kwa pamoja, na kompyuta kubwa ikabaki ikipumua feni tu, kama mtu aliyepigwa kichwani. Akazima, akaanza upya. Kila alipofika kiti cha tatu, kila kitu kilikufa.

Hakufikiri. Alipiga simu.

"Ulifanya nini mu machine yangu?"

"Bonjour na weye, chéri."

"Usiniite chéri! Jana uliingia peke yako. Leo machine imekufa. Na nje Stany alikuwa anakungoja!"

"Stany alikuwa ananipeleka ku kazi. Nilikuambia mapema." Sauti ya Ndaya ilikuwa bado tulivu. "Ulipuliza mavumbi?"

"Nilipuliza. Mavumbi haiue machine."

"Ulitoa carte?"

"Mi najua kurudisha carte! Usinigeuzie maneno. Sema tu Stany alikuahidi nini. Pikipiki? Ndoa?"

Upande wa pili bisibisi iliwekwa mezani. Nyuma yake Guelord alisikia nyundo ya mtu wa Mutoshi ikigonga bati.

"Guelord," Ndaya alisema, "ungenitukana mi, ningekutukana. Ungetukana mama yangu, ningekuya kukupiga na kiatu. Lakini umetukana kazi yangu. Kazi yangu hapana mutu anaitukana. Usiniite tena."

Simu ikakatika. Guelord alimtukana mtu ambaye hakuwepo tena, kisha akairukia kompyuta. Aliandika upya mashine ya tatu. Aliifuta, akaiunda. Aliipa kiti cha nne anwani ya cha tatu, na kifo kikahamia kiti cha nne. Princesse alikaa akila karanga, akimtazama.

"Chef, fungua mufuniko."

"Nilifungua jana."

"Jana ulifungua kwa kuipuliza. Leo fungua kwa kuangalia."

"Princesse, utatoka!"

"Nitatoka, ndiyo. Kesho sote tutatoka. Weye utaenda mu shimo, mi nitaenda kuuzisha mikate. Fungua."

Alifungua. Ndani ya kompyuta safi, isiyo na chembe ya vumbi, tone jekundu lilimtazama. Kando yake nafasi ilikuwa tupu. Kadi ilikuwa imekaa nafasi ya chini, ile inayoishi nyumba moja na diski, pale alipoichomeka kwa mikono yake, wingu la vumbi likiwa machoni na kiburi kikiwa kichwani. Anwani iliyoandikwa kwa kiti cha tatu sasa ilikuwa ya diski yenyewe. Kila mashine hiyo ilipoamka, iliinyang'anya kompyuta roho yake.

"Nani aliiweka pale?" aliuliza Princesse, ingawa alijua.

Guelord aliigusa ile alama nyekundu. Alihamisha kadi, akasukuma mpaka ikalia. Akawasha. Usukani wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Zote zikazunguka kutafuta katikati yao, kama zilivyofanya siku ile ya vigelegele, na kwa Guelord chumba kikawa kibaya kuliko kilivyokuwa zilipokuwa zimekufa, kwa maana sasa hakuwa na wa kumlaumu.

Jumamosi mkaguzi alifika, mzee mkavu aitwaye Tata Mukalay, asiyetabasamu bure. Aliwaweka vijana wanne, akawaamuru wazime, wawashe, wakate kuume, warudi nyuma. Yeye mwenyewe alikaa kiti cha tatu, akalitumbukiza lori shimoni kwa uzembe wake, akalaumu breki. Mwishowe akasimama, akampa Guelord mkono. "Batoto betu bataanza hapa."

Watu walipiga makofi. Mtu akaleta soda. Princesse alimtafuta mkuu wake ampongeze, akamkuta nje anabishana na dereva wa pikipiki.

"Chef, unaenda wapi siku ya fête?"

"Mutoshi."

Princesse alimtazama kola, iliyokuwa imelala upande mmoja bila yeye kujua. "Haya," akasema. "Lakini usiongee mingi. Unaharibuka ukiongea."

Kituo cha Stany kilikuwa kimejaa wateja. Stany alikuwa mlangoni, mikono imefungwa juu ya tumbo. "Angalia! Mwizi wa contrat amefika kutucheka."

"Sikukuya kwako," alisema Guelord, akapita.

Ndaya alikuwa amepiga magoti chini ya meza, nyaya shingoni, mgongo umegeukia mlango. Aliijua hatua ile. Hakugeuka.

"Machine imekufa tena?"

"Hapana. Inatembea yote ine. Mukaguzi amekubali."

"Sasa hauna lazima na mi."

"Sina."

"Basi unatafuta nini?"

"Weye."

Nyundo ya nje ilinyamaza. Wateja walisogea. Ndaya alitoka chini ya meza polepole, utando wa buibui kwenye nywele, uso umekaza.

"Nani alihamisha carte?"

"Mi."

"Sisikie."

"Mi! Mi mwenyewe niliiweka fasi mubaya, na nikakuita mwizi. Kazi yako ilikuwa sawa. Alama yako ilikuwa pale, mi sikuangalia." Alishika kola yake. Neno lililobaki lilikuwa dogo, na lilimpita kooni kama jiwe la Mashamba. "Pardon, Ndaya."

"Kwa nguvu. Banasikia tu batu ba mbele."

"Pardon!" alinguruma Guelord, kwa hasira hata mteja mmoja akadhani ugomvi umeanza.

Stany alicheka peke yake. Ndaya hakucheka. Alimtazama kwa muda, kama alivyoitazama kompyuta yake siku ya kwanza kabla ya kuguna.

"Nilikuwa nimeapa sitakuona tena," alisema. "Na hasira yangu haijaisha. Usifikiri imeisha."

"Ikae. Mi yangu pia iko. Nioe... hapana, nataka kukuoa. Hasira itakuwa ya batu bawili."

"Unaomba ndoa na sauti ya mutu anatafuta vita?"

"Sina sauti ingine."

"Njo vile." Aliingiza mkono mkobani. "Jumapili utakuya kwetu na baba zako wadogo. Baba yangu atakuuliza maswali mubaya kuliko mi. Ukimujibu namna unanijibu, utarudi na miguu. Leta mukono."

"Wa nini?"

"Leta!"

Aliuleta. Ndaya alifungua kichupa, akashika kidole gumba chake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akapaka tone moja jekundu katikati ya ukucha, akapuliza mpaka likauke.

"Siku utapotea," alisema, "utaangalia fasi yako iko wapi."

Guelord alirudi Musonoi nyuma ya pikipiki na kidole hicho kimeinuliwa mbali na vumbi. Vijana wa njiani walimwona, wakacheka. Aliwatazama vibaya, mmoja mmoja, mpaka wakaacha, na hakukishusha.